Kaburi Langu la Mandawa

Juzi Mwajuma alinikuta sokoni nachagua fagio la chelewa, nalipindua na kulijaribu kwenye vumbi, akaniuliza kama nimehama nyumba. Nikamwambia nalipeleka Mandawa, kule Ruangwa, kwenye kaburi langu. Alinitazama kwa huruma, akaniaga haraka, na jioni ile simu yangu haikupata nafasi ya kupumua. Basi naandika, msome wote kwa pamoja mniache nipange mizigo.

Mnanijua nilivyo. Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, na sijapata kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa vizuri. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikipewa zawadi huigeuza kwanza nione upande wa chini. Tangu nistaafu nimeingia katika ule mpango wa wazungumzaji: vikundi vya vijijini, vya wakulima, vya kina mama, vya wafugaji, vinachagua mada ya historia au mila, na sisi tunapelekwa kuizungumza nao. Mada yangu ni makaburi. Najua mnacheka. Lakini mahali ambapo hakuna aliyeandika kitu, makaburi ndiyo yanayosema nani alitangulia na alitoka wapi.

Niwaambie mapema jambo ambalo mimi sikuambiwa mapema. Wakati napanda basi Dar, kulikuwa na mama mmoja wa Kisukuma, jina lake Mbuke, yuko chumba cha maiti Ruangwa, na watoto wake hawana pa kumzika. Safari yote hii ilikuwa ya huyo mama. Mimi nilidhani ni yangu.

Dar hadi Nachingwea

Jirani yangu kwenye basi alikuwa bwana mnene mwenye mayai ya kuchemsha. Alinikaribisha kabla hatujatoka mjini. Nikamshukuru, nikasema nimefunga. Tulipofika Somanga, wauza samaki wakaja madirishani, nikanunua kipande cha changu nikakila mbele yake bila aibu, na yule bwana akatazama nje. Nilimhurumia kidogo, lakini mayai ya mtu nisiyemjua siyali.

Basi liliharibika mbele ya Nangurukuru. Tulikaa kando ya barabara muda wa kutosha watu kujuana majina, na hapo ndipo simu za Issa zilipoanza kuzidi. Issa ndiye mratibu wa mpango kwa upande wa kusini, kijana mpole, anaongea kana kwamba anaomba radhi. Aliniuliza kama bado nakuja na mada ya makaburi. Nikasema ndiyo. Baadaye akapiga tena, akauliza kama sijabadilisha, kwa sababu wenyeji wa Mandawa wamesisitiza iwe makaburi, isiwe nyingine.

Nimezungumza katika vikundi vingi. Nimewahi kuombwa nifupishe, nimewahi kuombwa nianze baada ya chakula, lakini sijawahi kusisitiziwa makaburi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema hajui, watu wana hamu tu. Nikaiweka ile hamu akilini kama mtu anavyoweka noti asiyoiamini, na tukaingia Nachingwea jua likiwa limekwisha kuzama, miguu imevimba.

Marambo

Kikundi cha Marambo kilinipokea katika ghala la korosho, lililokuwa tupu kwa sababu msimu ulikuwa haujafika. Kila mtu alikuja na kiti chake kutoka nyumbani. Tulikula kwanza, ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa karanga, na niliona kwamba wakati nakula wananitazama mikono. Si kwa ubaya, ila hakuna aliyetazama mahali pengine.

Nikazungumza. Niliwaeleza jinsi makaburi ya zamani yanavyoelekezwa, jinsi mawe yanavyopangwa, jinsi ukoo uliohama unavyorudi kufagia kabla ya Ramadhani hata kama nyumba haipo tena. Nikafunga kwa maneno ninayoyatumia kila mahali: "Ukitaka kujua mahali ni pa nani, usitazame nyumba, maana nyumba huanguka. Tazama nani amezikwa pale, na nani anafagia."

Kisha akasimama bibi mmoja mwembamba, kilemba cheupe, wanamwita Bi Somoe. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafutatafuta, maana ni mtu wa Kimwera toka utotoni, lakini swali lake lilikuwa limenyooka.

"Mwanangu, wamekuja watu hapa wakasema wanatazama udongo tu. Baadaye tukasikia ni madini. Wewe unatafuta makaburi, au unatafuta kilicho chini yake?"

Ghala zima likacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilijua nimekutana na mtu wa aina yangu. Nikamwapia kwamba sitafuti kitu. Alikaa, na uso wake ulisema ataamini akiniona nimepanda gari nimeondoka.

Wakati huo nikamwona mwanamume mrefu nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia pana, fimbo ya kuchungia imeegeshwa begani. Wakulima walikuwa wamemwachia nafasi pande zote mbili, kama kiti chenye msumari. Ni mmoja wa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, na kusini kote mtu akiwa amevaa kofia ile hata watoto wanajua ni nani. Alinyoosha mkono.

"Mayu," akaniita, maana Wasukuma humwita hivyo mama, "na mtu akizika mahali alipoazimwa?"

Lilikuwa swali la mwisho, nilikuwa nimechoka, na jibu la haraka lilinijia likiwa tayari limepambwa. "Kaburi halijui kuazima," nikasema. "Aliyezikwa amekwisha fika."

Watu wakaguna. Nilidhani wamependa. Simu kama nne zilikuwa juu zinarekodi, na yule mwanamume akavua kofia, akaikunja mikononi, akatoka kabla ya dua.

Nachingwea hadi Ruangwa

Kosta ya Ruangwa ilipaswa kuondoka asubuhi. Dereva alikuwa kwenye banda la televisheni akitazama marudio ya mechi ya Namungo, na abiria hawakuona kosa lolote kwa sababu wengi wao walikuwa humo humo pamoja naye. Tuliobaki stendi ni mimi niliyekuwa nikinung'unika, na wauza ming'oko. Mnaijua ming'oko? Ni mizizi ya porini, wanaichemsha, unaila kwa chumvi na pilipili. Nilinunua, nikamenya, nikageuka nikamkuta yule mwanamume wa kofia amesimama nyuma yangu.

Nikashika mkoba wangu. Sikujificha kuushika.

Alisema anaitwa Masanja, anaishi Mandawa, na Marambo alikwenda kuwapa ndugu zake habari za msiba. Nikampa pole. Hakusema ni nani aliyefariki. Badala yake akaniuliza mimi ni kabila gani.

Nikiulizwa kabila na mtu nisiyemjua, stendi, huwa nauliza kwanza sababu. Akasema hana sababu, anauliza tu. Nikamwambia Mzaramo wa Kisarawe. Akauliza na mama? Nikasema pande zote mbili. Hapo uso wake, ambao toka nimemwona ulikuwa umefungwa, ukafunguka kidogo. Akaninunulia kifungu kingine cha ming'oko. Nilisubiri ale yeye kwanza.

Njiani alikaa kiti cha nyuma yangu. Kila nikigeuka namwona ananitazama, halafu anatazama dirishani, na mimi narudi kuhesabu vitu vyangu. Tulipoteremka Ruangwa akaniaga vizuri, akasema tutaonana. Sikupenda lile neno. Nilimwambia Issa kuna mtu ananifuata, na Issa, badala ya kushtuka, akasema mazungumzo ya Mandawa yamewahishwa. Yalikuwa keshokutwa, sasa ni kesho asubuhi. Na tena, mwenyekiti wa kikundi ameshachinja mbuzi.

"Mbuzi wa nini?" nikauliza.

"Wako, mwalimu."

Mwalimu mstaafu, mada ya makaburi, mbuzi mzima. Nililala nikijua kuna mtu ananihitaji kwa jambo ambalo hajaniambia.

Ruangwa hadi Mandawa

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, mimi nyuma ya dereva aliyekuwa na habari zote. Barabara ni ya vumbi jekundu, mikorosho pande zote, na ufuta uliokwisha vunwa. Huyu ndiye aliyenieleza bila kuombwa. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Chikwaya, aliwaazima Wasukuma shamba kubwa pembeni mwa kijiji. Kule shamba la kuazima lina sheria zake ambazo hazijaandikwa popote na kila mtu anazijua: utalima mahindi, utalima ufuta, hutapanda mkorosho. Mkorosho unaishi kuliko mtu, na aliyeupanda hatoki. Sasa mama wa wale Wasukuma amefariki hospitali, wanataka kumzika kwenye lile shamba, na Mzee Chikwaya amekataa. Kaburi ni zaidi ya mkorosho.

"Na wewe ndiye utamaliza," akasema dereva kwa furaha. "Ile sauti yako ya Marambo kila mtu anayo."

Nilitamani kuteremka. Mbuzi akawa ameeleweka, na kusisitiziwa makaburi kukaeleweka, na kuwahishwa pia. Nilikuwa nimeletwa kuwa shahidi. Sikujua bado ni shahidi wa nani, ila nilijua hasira inanipanda shingoni, kwa sababu maneno niliyoyasema kwa kujipendeza yalikuwa yanamzuia mama wa watu chumba cha maiti.

Mandawa

Watu walikuwa wengi kuliko kikundi chochote. Wakulima wamekaa kwenye mikeka mbele ya ofisi ya kikundi. Wafugaji, pengine familia mbili au tatu, wamesimama upande wa jua ingawa kivuli kilikuwepo. Masanja alikuwa mbele yao. Nilipomwona nikamwelewa: msiba wake ulikuwa wa mama yake.

Mzee Chikwaya ni mtu mfupi, mtaratibu, kanzu imepigwa pasi. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanikalisha kwenye kiti chenye mto. Hakutaka nizungumze kwanza. Akatoa simu, akaiweka karibu na kipaza sauti, na sauti yangu mwenyewe ikatoka: kaburi halijui kuazima, aliyezikwa amekwisha fika.

"Mwalimu amesoma," akawaambia watu. "Ametoka Dar, hana ndugu hapa, hana upande. Mimi sina ugomvi na msiba wa mtu. Ng'ombe wakila mbaazi zangu tunakaa, tunaelewana, yanaisha. Lakini baba yangu aliazima watu shamba kule ng'ambo, wakapanda mikorosho akiwa anatazama, na leo sisi tunapita pale kwa kuomba njia. Nikiruhusu kaburi, wajukuu wangu watapita wapi? Mwalimu, sema tena mwenyewe, wasikie."

Akakaa. Nawaambieni ukweli, sikuweza kumchukia. Nilikuja nimejiandaa kumchukia na hakunipa nafasi.

Nikasimama bila kujua nitakachosema. Nikaanza kueleza kwamba nilizungumzia makaburi ya kale, kwamba historia si hukumu, na nikaona macho yao yanahama kwangu. Walikuwa wananisikiliza kama mtu anayejaribu kurudisha bidhaa dukani. Hapo Masanja akavua kofia, akapita katikati ya mikeka mpaka mbele yangu.

"Mayu, jana uliniambia wewe ni Mzaramo."

"Ndiyo."

"Baba na mama."

"Nimekwambia."

Akawageukia watu. "Basi mtani wangu amefika. Msiba una mwenyewe."

Mikeka yote ikacheka kicheko kifupi, cha watu walioona mchezo mpya umeanza. Sikuhitaji kuwaeleza kitu. Wao Wamwera wana Wayao wao na Wamakua wao, na wanajua mtani akiingia msibani anaweza kukalia jeneza, kuficha jembe, kumtukana marehemu, kudai jogoo. Jambo moja tu haliwezekani: kumkasirikia. Na Mzaramo kwa Msukuma ni mtani toka enzi za misafara, wao wakishuka na mizigo pwani na sisi tukiwangoja tuwacheke miguu yao iliyojaa vumbi.

Nilihisi nimetegwa. Hata hivyo ulikuwa mlango, na mlango mwingine sikuwa nao. Nikafunga kanga kiunoni.

"Nani amesema huyu Mbuke ni wa Wasukuma?" nikauliza kwa sauti ya msibani. "Huyu ni punda wangu. Babu zake walinibebea mizigo, hawakumaliza deni la kuchekwa. Maiti ni wangu, kaburi ni langu. Hawa watoto wake hawana kaburi hapa, na mtu asiwasikilize wakisema wanalo. Mzee Chikwaya, mimi nina minazi Kisarawe na sijawahi kulima ufuta. Naomba mahali pa kumlaza punda wangu. Nikitaka shamba lako, unifukuze."

Mzee Chikwaya alitazama chini, akaligeuza lile jambo huku na huku kama ninavyogeuza zawadi, na nilijua anatafuta palipofichwa kisu. Wenye kaburi wangekuwa hawakai pale. Wenye kukaa pale wangekuwa hawana kaburi. Akainua uso, na ingawa hakutaka, alikuwa anacheka.

"Kaburi la Mzaramo," akasema.

"La Mzaramo."

"Usipandwe mti juu yake. Hata ua."

"Hata ua."

"Na watoto wake wasifagie. Mwenyewe umesema, anayefagia ndiye mwenye mahali. Utafagia wewe."

Watu wakapiga makofi, na mimi nikakubali mbele ya kijiji kizima, kwa sababu hakukuwa na jibu jingine. Masanja alipiga magoti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na ndipo nilipoona kwamba toka Marambo mtu huyu hakuwa amelia, alikuwa anatafuta.

Walimleta Mbuke mchana. Nilidai jogoo, nikapewa. Nilikaa kwenye ukingo wa kaburi nikakataa kuondoka mpaka waniimbie, wakaniimbia Kisukuma huku wanalia, na wakulima waliokuja kutazama tu wakashika majembe wakasaidia kufukia. Mbuzi wa Mzee Chikwaya tulimla jioni, wafugaji na wakulima kwenye sinia tofauti, lakini uwanja mmoja. Mazungumzo yangu ya makaburi hayakufanyika kabisa, na hakuna aliyeuliza.

Mandawa hadi nyumbani

Wakati nangojea pikipiki nilimvuta Masanja pembeni. Nikamuuliza kama kule stendi, aliponiuliza kabila, alikuwa amekwisha panga yote.

"Mtani," akasema, "ungeniambia wewe ni Mhaya, ningefanya nini?"

Hilo si jibu, na nilimwambia hivyo. Alinifungia yule jogoo miguu vizuri kwa kamba, akaniwekea kwenye kikapu. Nilipita naye Ruangwa, Lindi, mpaka Dar, na dereva wa basi akanidai nauli yake. Pale stendi ya Ruangwa kijana mmoja alimwambia mwenziwe, mimi nikisikia, kwamba yule mama alikuja kuzungumzia makaburi akaondoka na kiwanja. Nilipompigia Bi Somoe wa Marambo kumsalimu, alicheka mpaka akakohoa. Akasema aliniuliza mapema, sikumjibu vizuri.

Nilidhani yamekwisha. Wiki iliyopita Masanja akapiga. Mvua imenyesha, majani yameota kila mahali, lakini kaburi la mama yake ni safi. Limefagiwa, alama za fagio zinaonekana, na si wao, maana wao hawagusi, wanaogopa kuvunja neno. Walilivizia wakaona ni Mzee Chikwaya, anakuja alfajiri akitoka msikitini, anafagia, anaondoka.

Mnaona lilipo jambo. Kwa maneno yangu mwenyewe, yaliyo kwenye simu za watu wote kule, anayefagia ndiye mwenye mahali. Akifagia mwaka mmoja, miwili, kaburi litakuwa lake, na mwenye kaburi anaweza kusema lihamishwe. Nilishinda siku nzima nalifikiria. Kisha nikampigia mzee, nikamsalimu, nikamuuliza moja kwa moja kwa nini anafagia kaburi langu.

"Mwalimu," akasema, "yule mama alikuwa jirani yangu. Ulitaka nimwache kwenye majani?"

Nimeligeuza neno hilo juu chini siku zote hizi nikitafuta kilichofichwa, na sijakiona, na kutokukiona ndiko kunakoninyima usingizi. Jumamosi naondoka na fagio langu. Nitafika pale alfajiri kabla yake. Akinikuta nafagia akakasirika, nitajua. Akinikuta akashika upande wa pili tukafagia pamoja, sijui nitafanya nini na mimi mwenyewe.